Duara Tupu la Kingi

Wiki iliyopita mliniacha nimepiga magoti matopeni, msituni upande wa Walikale, mtutu wa bunduki ukiwa kisogoni. Baadhi yenu mkaliandikia gazeti kuuliza kama nilipona. Jamani, maiti haitumi hadithi gazetini. Nilipona. Ila kuna siku nawaonea wivu waliokufa, na leo mtajua kwa nini.

Kwa wanaonifahamu leo: naitwa Élie Byamungu. Ni mwalimu msaidizi wa mambo ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja cha kwetu, jina lake nalihifadhi. Mimi na mwenzangu Dancille tulitengeneza programu tukaiita Shina. Inakusanya mémoire, yaani tasnifu za wanafunzi, vitabu na makala, inavipanga, halafu inachora ramani ya mawazo. Kila jambo lililoandikwa linapata duara lake, na mistari inaunganisha duara hili na lile. Jambo likiandikwa sana, duara linanenepa. Ukiligusa, yanafunguka maandiko yake yote.

Tulikuwa tunaipeleka Shina kwenye chuo kimoja Walikale. Dereva wetu alikuwa Jean de Dieu. Tukirudi, nilipanga kupitia Kingi, kwetu, nihoji wakulima kwa ajili ya tasnifu yangu na nimbusu binti yangu Shekinah anayelelewa na bibi yake.

Hatukufika. Wenye bunduki walitushusha garini, wakatuingiza msituni. Mkubwa wao, aliyejiita Jenerali Radi, akafungua kompyuta yangu. Ramani ilikuwa wazi, na jina lake limo.

"Jina yangu iko inafanya nini humu?" akauliza.

Kabla sijajibu, kitako cha bunduki kilinishukia begani. Nikasikia mfupa ukilia.

"Beko ma-espion, bapelelezi, mon général," akasema aliyenipiga. "Banatuchora. Tubamalize."

"Atuko espion!" Dancille alipaza sauti. Yeye haogopi mtu, na hilo ndilo limekuwa likimtia matatani tangu nimfahamu. "Mon général, sisi tuko batu ya université. Iko wanafunzi njo baliandika juu yako. Masini inakusanya tu."

Radi akaweka kompyuta juu ya magoti yake taratibu, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

"Baliandika juu yangu?"

"Ndiyo, mon général."

"Ba université?"

"Bo benyewe."

Akacheka kwa furaha ya kweli. Akaamuru niletwe karibu.

"Gusa. Soma."

Duara lake lilikuwa dogo, punje ya maharage tu. Nikaligusa. Ikafunguka mémoire moja, na ndani yake mstari mmoja chini ya ukurasa: kundi dogo la Jenerali Radi, lisilo na nidhamu. Nikasoma kwa sauti, nikaruka "dogo", nikaruka na "lisilo na nidhamu".

"Rudilia, inasema nini?" akauliza.

"Kundi la Jenerali Radi."

"Njo byote?"

"Njo byote, mon général."

Furaha ikaanza kumtoka. Akainama tena, na kidole chake kikatua kwenye duara lililojaa nusu ya kioo.

"Na hii munene hivi?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Hiyo… iko ya Kanali Petroli."

Alinipiga teke la tumbo nikatapika. "Petroli alikuwa ananibebea jerikani! Alikuwa ananifulia nguo! Leo iko munene kunipita?" Teke jingine likaja. "Kuza yangu! Ipite yake! Sasa hivi!"

Dancille alinitazama. Macho yake yaliniambia nisifanye. Katika kazi yetu kuna dhambi moja tu kubwa: kumwandikia mtu kisichoandikwa. Mwanafunzi akishikwa nayo anafukuzwa. Mimi mwenyewe nimewahi kuwafukuzisha wawili, tena kwa mbwembwe.

Lakini mwenye nguvu mpishe. Nikaingia kwenye programu, nikabadilisha namba moja. Duara la Radi likavimba mpaka likamfunika Petroli.

Kambi nzima ililipuka kwa vifijo. Askari walipanga mstari waje kutazama. Tukafunguliwa kamba, tukaletewa viazi na maharage. Jean de Dieu alikula huku akininong'oneza, "Kaka Élie, kumbe hii kazi yenu iko na faida." Nikacheka, nikaendelea kutafuna.

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

Katika ule mstari alikuwamo mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Wakimwita Ndagijimana, msaidizi wa Radi wa mambo ya upelelezi. Wengine walitazama, wakashangilia, wakapita. Yeye alinyoosha kidole, akaligusa duara.

Likafunguka. Ndani hakukuwa na kitu.

"Mon général," akasema bila haraka, "ndani iko bure. Hata ukurasa moja akuna. Banakudanganya."

Vifijo vikakatika. Radi akasimama.

"Nani alinidanganya?"

Naapa nilitaka kusema ni mimi. Nilitaka. Lakini nilibaki nimekodoa macho, na kiazi kingali mdomoni.

Aliyesimama alikuwa Jean de Dieu. Mtu ambaye hakujua hata kuiwasha kompyuta. Akainua mkono, akasema, "Mon général, utusamehe. Iko woga njo ilitufanyisha. Sisi tuko…"

Radi akamfyatulia risasi ya shingo.

Alianguka huku mkono wake umeinuliwa, kama anayeomba neno mkutanoni. Damu ilitoka kwa kasi, ikachanganyika na maharage. Aligaragara, akajikamata shingo, akawa anajaribu kumaliza ile sentensi yake. Dancille alimkumbatia kichwa mpaka akatulia.

Nilimuua mimi. Mniache nilivyo, msinitumie barua za kunifariji.

Radi akairudisha bastola kiunoni, akachuchumaa mbele yangu. "Sasa useme ukweli. Petroli alifanya nini, juu bamuandike hivi?"

Dancille akakohoa. Nilielewa kikohozi kile. Alikuwa ananiambia, Élie, nyamaza, au sema hujui.

Na mimi ni mwalimu. Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba swali likiulizwa lijibiwe mpaka mwisho. Isitoshe nilikuwa na damu ya Jean de Dieu usoni, na woga ulikuwa umenifungua mdomo usifungike tena.

"Aliunguza soko ya Mubirizi," nikasema. "Batu bakiwa ndani. Nyuma ya pale kila muntu aliandika. Wanafunzi ba sheria baliandika, ba sociologie, na ba médecine."

"Na mbele ya kuunguza soko, iko nani alikuwa anamuandika?"

"Akuna."

"Hata moja?"

"Hata moja, mon général."

Akavuta pumzi ndefu. Nikaona kitu kinamwingia kichwani, na nikajua ni mimi nimekiweka.

"Kumbe," akasema. "Kumbe njo vile."

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulikuwa mkarimu zaidi. Uliponza vichwa vya wengine.

Ndagijimana alikuwa bado ameinamia kompyuta. "Mon général, ona. Hizi duara nyekundu, hazina kitu ndani, iko nini?"

"Iko makosa ya masini," Dancille alidakia. "Tulikuwa tutazifuta."

Ndagijimana akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Apana, dada. Mimi nilifika graduat ya pili ku université. Hii aiko makosa. Hii njo pengo."

Hapa lazima niwaeleze. Kwetu chuoni hakuna anayeanza mémoire bila kuulizwa na msimamizi wake: "Pengo iko wapi?" Maana yake, ni wapi ambapo hakuna aliyewahi kuandika? Nimeona watu wazima wakilia machozi kwa kukosa pengo. Ndipo Dancille akabuni dawa. Jambo au mahali panapotajwa na wengi kwa kupita, lakini hakuna aliyepaandikia kazi yake, pachorwe duara tupu lenye rangi nyekundu. Siku tuliyoionyesha Shina, maprofesa walisimama kupiga makofi kwa ajili ya yale maduara matupu.

Nami nikalichagua langu mbele ya wote. Nikasema: hili la Kingi asiliguse mtu, hili ni la tasnifu yangu.

Ndagijimana akamweleza jenerali wake. Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Naamini angetetea mémoire yake akapata alama nzuri, laiti vita visingemkatisha masomo.

"Kwa hiyo," Radi akasema, "muntu akifanya kintu fasi hii ya pengo, bote batamuandika yeye wa kwanza?"

"Yeye wa kwanza, mon général. Na wengine bote bakiandika nyuma, bataanza na jina yake."

Radi akapitisha kidole juu ya maduara mekundu, moja baada ya jingine, kama mama anayechagua nyanya sokoni. Akapita la Kirolirwe. Akapita la Ngungu. Kidole kikafika kwenye la Kingi, nami nikashusha macho.

Jenerali Radi hakuwa na elimu ya darasani, lakini uso wa mtu aliusoma haraka kuliko Shina. Kidole kikarudi.

"Hii inaitwa je?"

"Kingi," Ndagijimana akasoma.

"Prof, juu ya nini unatetemeka? Iko nani ku Kingi?"

"Akuna muntu."

Wakanilaza kifudifudi. Walinipiga kwa fimbo mbichi kwenye nyayo, na kila fimbo ilipokatika walikata nyingine. Nilijiambia sitasema. Nikamtaja Mungu, nikamtaja marehemu baba, nikamtaja mke wangu Estelle ambaye ameshatangulia mbele ya haki. Walipohamia kwenye lile bega lililovunjika, nikasema.

"Mama yangu! Mama yangu na mutoto yangu! Mon général, nakuomba, beko balimaji tu, banalima maharage, abana kosa!"

Radi akapiga makofi mara moja. "Muzuri sana! Sasa nimepata muandishi mwenyeji. Mwenye kuumizwa na kintu njo anaandika muzuri. Utaona na macho yako, utaandika, utaniweka mu masini. Na mara hii ndani aitakuwa bure."

Wakati huo wote hakuna aliyekuwa akimtazama Dancille.

Aliruka. Akaikwapua kompyuta mapajani mwa Ndagijimana, akaipiga kwenye jiwe la kando ya moto. Mara ya kwanza kioo kikapasuka. Mara ya pili ikavunjika katikati. Alikuwa anapiga na kulia na kutukana, akitaja matusi ambayo sikujua mwanamke wa kwaya anayajua. Kazi yetu ya miaka iliruka vipande vipande, na mimi, na nyayo zangu zilizochanika, nilishangilia moyoni.

Askari mmoja alimkamata mkono wa kulia, akaubana juu ya lile lile jiwe. Panga likashuka.

Sitasema mengi. Vidole vitatu vilibaki jiweni. Vilikuwa vidole vilivyochora kila mstari wa Shina. Hakulia hapo hapo. Aliutazama mkono kwa mshangao, kisha akatoa sauti ambayo naisikia hata ninapoandika haya. Nilijikokota, nikavua shati, nikamfunga.

Radi alisogeza vipande vya kompyuta kwa ncha ya buti.

"Masini imekufa," akasema. "Kichwa yenu aiyakufa. Na Ndagijimana alishaona. Tuende Kingi."

Tukaondoka. Sijui tulitembea siku ngapi, maana homa ya bega ilinipanda na nikawa nabebwa akili na giza la msitu. Nakumbuka mvua. Nakumbuka bambu. Nakumbuka Dancille akitembea mbele yangu, shati langu mkononi mwake limegeuka jeusi. Aliyechelewa alichomwa kwa ncha ya panga matakoni. Mbebaji mmoja, mtu wa makamo waliyemteka njiani na mzigo wake wa mihogo, alikaa chini akasema amechoka. Wakamwacha pale pale amechoka milele.

Nilijipa tumaini moja. Mara ya mwisho nilipofika kwetu, kulikuwa na askari wa serikali wamepiga kambi juu ya Kingi. Nikasema moyoni, Radi akifika atakutana nao, na hapo sisi tutapata njia ya kukimbia.

Asubuhi moja ukungu ukapanda, nikaona vilima ninavyovijua. Nikaona mashamba ya maharage yaliyoteremka kama ngazi, ng'ombe wachache, na paa la bati la kanisa letu likimetameta bondeni. Tulikuwa juu ya Kingi.

Machozi yalinitoka. Nyumba ya mama ilikuwa inaonekana. Mlango umefungwa, jiko halitoi moshi. Nikajiambia, asante Yesu, wamekimbia.

Kumbe Radi naye aliuona ule utulivu, na haukumpendeza. Aliangaza huku na huku, kisha akatoa simu yake na kuinyoosha kwangu.

"Mutandao iko. Ita mama yako. Umuulize kama kuko basoda ya serikali. Ukisema neno ingine, huyu dada anakufa."

Panga likawekwa shingoni mwa Dancille. Naye akafanya kitu cha ajabu. Akatikisa kichwa kidogo, akaniambia kwa midomo bila sauti: sema.

Yaani niwaonye. Yeye alikuwa tayari kufa.

Lakini nilikuwa tayari na hila nyingine, niliyoipika papo hapo. Kwetu hakuna mtoto anayemwita mama yake mzazi kwa jina. Hata mlevi hathubutu. Nikasema nikimwita kwa jina, mwanamke yule mwerevu atajua mara moja kwamba mambo si mambo. Na nikimuuliza habari za askari wengi, ataitikia tu kunifuata, Radi aogope, ageuze njia.

Nikabonyeza namba. Radi akaweka sauti ya juu, wote wasikie.

"Allô? Njo nani?"

Sauti ya mama.

"Mama Élisabeth," nikasema. "Njo mimi, Élie."

Nikaomba Mungu.

"Ehee!" Akaangua kicheko. "Leo unaniita na jina, kama mushemasi anayeita mujane ku sadaka! Hiyo université imekuharibisha akili, mutoto yangu!"

"Mama Élisabeth, unisikilize muzuri. Bale basoda mingi ya pale juu, bangali bengi vile?"

"Basoda gani? Ah, baba, balishaondoka juma ingine yote. Hata moja akubakia. Tunalala na amani, Mungu iko mwema."

Radi alitabasamu. Askari nyuma yangu akavuta kikoki cha bunduki. Dancille alifumba macho.

"Basi sawa, Mama," nikasema haraka, "nitakuita tena nyuma…"

"Usikate! Uko wapi? Umeshachelewa!" Nyuma ya sauti yake nilisikia watu wengi, watoto, benchi zikisogezwa, mtu akianzisha pambio. "Tulimaliza ibada, tukabakia. Akuna mwenye alirudi nyumbani. Ulisahau? Ulinituma nikukusanyie batu, Siku ya Mungu nyuma ya ibada, utakuya kubauliza ya mashamba na kubaandika. Nilipita nyumba na nyumba. Kingi yote iko humu kanisani, Élie. Bazee, bamama na mimba, hata babu Straton tulimubeba na kiti. Shekinah iko ku benchi ya mbele, amevaa robe yake, ananiuliza kama papa atamuandika na yeye."

Nilikuwa nimepoteza hesabu ya siku. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba leo ni Siku ya Mungu, Jumapili.

Radi aliifunika simu kwa kiganja. Aliangalia bondeni, kwenye lile paa moja la bati, kisha akanitazama kwa heshima ambayo hakuna profesa aliyewahi kunipa.

"Prof," akasema polepole, "kumbe ulishanitayarishia. Umuambie bangoje. Tunafika."

Akaondoa kiganja.

"Élie?" mama akasema. "Uko unanisikia? Batu banataka kujua kama bakae ao barudi. Nibaambie nini?"